Chumba cha Samaki: Maisha ya Mwalimu Mardhiya binti Mmanga

Bismillahi Rahmani Rahim. Shehe wetu uliyetuongoza kwenye hitma, Sheha wa shehia yetu, walimu mliotoka Chake Chake na Konde, kina baba mlioko nje chini ya turubai, na kina mama mliojaa hapa ndani mpaka barazani, assalaam alaykum. Naitwa Asya binti Rajab, marehemu ni shangazi yangu, dada wa baba yangu tumbo moja, na karatasi hii alikuwa aisome baba mwenyewe, lakini macho yake hayashiki tena herufi na sauti hana tangu Jumatano, kwa hiyo ukoo umenikabidhi mimi, niliyefanya kazi na marehemu ndani ya chumba kimoja kwa miaka kumi na mmoja. Najua kusoma historia ya maiti si desturi yetu sana sisi watu wa Pujini, sisi tumezowea kusoma hitma, tukala, tukapeana mikono, tukaondoka, ila walimu wenzake wameomba, na walimu wakiomba jambo hawaachi mpaka wapewe. Nitafuata karatasi kama nilivyoelekezwa, na mwisho wake lipo jambo moja ambalo halimo katika karatasi, linanihusu mimi na Bi Kijakazi, ambaye namuona amekaa pale karibu na mlango, na ninaomba nikifika hapo nisikatizwe.

Marehemu Bi Mardhiya binti Mmanga Nyange alizaliwa hapa hapa Pujini, Jumamosi ya tarehe 14 Machi 1964, miezi miwili baada ya Mapinduzi, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Mmanga Nyange, mkulima wa mpunga na muhogo, na Bi Mwatum Faki, msusi wa mikeka, wote wawili wametangulia mbele ya haki. Baba yangu anasema tangu udogoni dada yake alikuwa hawezi kulala na kazi isiyokwisha, akianza kusuka ukili wa mkeka atausuka mpaka vidole vimwume, na ukimnyang'anya ataulilia mpaka umrejeshee, na mama yao alikuwa akisema mtoto huyu ama atakuwa mtu mkubwa ama atajiua kwa ukaidi. Naliweka hili mbele kwa sababu mtalihitaji baadaye.

Alisoma chuoni Kurani tangu mwaka 1969, akaihitimu akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na skuli akaanza hapa Pujini Januari 1971, kisha akasomea Chake Chake, ambako alikuwa akenda kwa miguu na kurudi kwa miguu mvua na jua, akamaliza kidato cha nne mwaka 1982, akachaguliwa kwenda chuo cha ualimu Unguja, akahitimu mwezi wa Novemba 1985. Huko Unguja walimcheka kwa lafudhi yake, na yeye, kwa inda tu, akazidi kusema Kipemba mpaka mwalimu mkuu wa chuo naye akaanza kukiiga.

Tarehe 6 Januari 1986 aliripoti kazini Konde, akapewa darasa la kwanza, na kwa miaka ishirini na miwili hakuliacha darasa la kwanza wala la pili, kila alipotaka kupandishwa alikataa, akisema nyumba haijengwi kuanzia juu. Alikuwa mkali. Wengi mliokaa hapa mmeionja bakora yake, na mkikana nitawataja kwa majina. Mwenyewe alikuwa akitembea na chaki mfukoni na bakora kwapani, na mtoto asiyetulia alikuwa akisimamishwa mbele ya ubao mpaka kengele ilie, na zamani hizo hakuna aliyeona hilo kuwa ni baya, wazazi wenyewe walikuwa wakimwambia mwalimu nyama yako, mifupa yetu. Mwaka 2008 alihamishiwa skuli moja ya Chake Chake, na huko akafundisha mpaka alipostaafu mwaka 2024.

Ijumaa ya tarehe 12 Agosti 1988 alifunga ndoa na Bwana Talib Zubeir Hamad, fundi wa redio wa Chake Chake, mtu mpole aliyekuwa akisema maneno kumi kwa siku, na shangazi akiyamaliza yaliyobaki kwa niaba yake. Mwenyezi Mungu aliwaruzuku watoto wawili, Ummkulthum aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1990, ambaye yuko Unguja na mumewe, na Shadya aliyezaliwa tarehe 21 Novemba 1993, ambaye ni muuguzi Wete, na wajukuu watano. Bwana Talib alifariki tarehe 9 Juni 2010, na chumba chake cha kutengenezea redio, kile cha uani, kikabaki kimefungwa na vumbi lake kwa karibu miaka mitatu.

Sasa nafika katika kazi ambayo wengi mnamjulia kwayo. Baada ya kufiwa na mumewe shangazi alibadilika, akawa anajiuliza kwa sauti, hata mezani, hivi wale watoto niliokuwa nikiwasimamisha ubaoni walikuwa wakaidi kweli, au kichwani mwao mlikuwa na jambo ambalo mimi silioni. Mwaka 2012 kikundi cha walimu wa kujitolea kutoka nje kilitafuta mwalimu mmoja kutoka Pemba wa kufundishwa mazoezi ya ubongo kwa watoto wasioweza kutulia na wanaopata taabu ya kusoma, akachaguliwa yeye, akakaa Dar es Salaam wiki sita, akarudi na sanduku lililofungwa kwa kamba utadhani amebeba mayai. Ndani yake mlikuwa na kompyuta, kisanduku kidogo cheusi, na kofia ya kitambaa yenye waya, na kila waya mwishoni una kidude mfano wa kifungo cha shati. Tarehe 11 Februari 2013 tulikifagia chumba cha redio, tukaweka kiti kimoja na feni moja, na mimi, niliyekuwa nimemaliza kidato cha sita sina kazi, nikawa msaidizi wake.

Kwa wasiowahi kufika, mambo yenyewe yalikuwa hivi. Ubongo wa kila mtu hutoa umeme mdogo sana, mtoto akitulia umeme huenda kwa mwendo mmoja, mawazo yakipotea huenda kwa mwendo mwengine, na vile vifungo vinausikia umeme huo kupitia ngozi ya kichwa, kwa msaada wa dawa nzito nyeupe inayofanana na dawa ya meno. Mtoto huwekewa senema ya samaki wanaoogelea. Akili ikitulia, picha inang'aa, samaki wanaogelea na kengele ndogo inalia, akili ikizurura picha inafifia mpaka inakuwa giza, na mtoto bila ya kugombezwa wala kupigwa anajifunza mwenyewe kuirejesha. Ndiyo maana watoto wakakiita chumba cha samaki, na jina likaganda. Daktari mmoja kijana alimwambia shangazi wazi kuwa wataalamu wenyewe wanabishana kama mazoezi haya yanasaidia, au kinachosaidia ni mtoto kupata mtu mzima wa kukaa naye nusu saa bila ya ukali, na shangazi akamjibu kuwa hata likiwa ni hilo la pili tu, basi nalo watoto wetu hawana. Bakora yake aliivunja mwenyewe siku tuliyofungua, akaitia jikoni, na wali wa siku hiyo ukapikiwa kuni hizo.

Wapo watoto waliofaidika, nawaona baadhi yao hapo nje na ndevu zao. Lakini historia ya mtu haisomwi nusu, na mwenyewe marehemu aliandika kwa mkono wake, kabla hajaugua, kwamba likisomwa jambo lolote juu yake lisiachwe jina la Safaa.

Safaa alikuwa mjukuu wa Bi Kijakazi, mtoto wa binti yake ambaye alikuwa kazini Maskati, na mwaka 2014 alikuwa na umri wa miaka tisa. Mtoto huyo alikuwa hatulii, jamani, mnaomkumbuka mnajua, alikuwa akiijua miti ya Pujini kwa kuipanda, akianza kukuhadithia jambo anakuacha katikati anakimbilia jengine, na darasa la tatu alikuwa bado hawezi kusoma jina lake. Bi Kijakazi, ambaye kijijini kwetu ndiye anayekosha maiti za wanawake tangu mimi sijazaliwa, alimleta kwa shangazi tarehe 14 Januari 2014, na kila Jumanne na kila Alhamisi kwa miezi mitatu na zaidi alikuwa akimleta, mtoto amekoshwa, kavaa gauni la Sikukuu, nywele zimesukwa, na kichwa kinang'aa mafuta ya nazi yaliyopikwa kwa karafuu, kwa kuwa mtoto anapelekwa kwa mwalimu, na nani katika sisi anampeleka mtoto kwa mwalimu na kichwa kikavu, watu waseme hana mwenyewe.

Karatasi inasema, kofia ilivalishwa. Zoezi likaanza, na samaki wa Safaa hawakuamka. Mara ishirini na sita mtoto yule alikaa kwenye kiti kile akitazama kompyuta nyeusi, na mstari wa akili yake, ule unaochorwa na mashine, ukirukaruka huku na kule kama mwendawazimu, na shangazi akimwambia kwa upole atulie, kisha kwa upole kidogo, kisha bila ya upole. Mtoto aliyekuwa hawezi kukaa dakika mbili alifika mahali akakaa nusu saa nzima, mikono kapakata, pumzi kazibana, na giza likabaki giza. Siku ya mwisho aligeuka akauliza, "Mwalimu, samaki wangu mimi wamelala?"

Tarehe 30 Aprili 2014 shangazi aliandika ripoti ya mistari minne, kwamba mtoto hakuitikia mazoezi, kwamba akili yake haishiki, na kwamba ingefaa apewe kazi za mikono. Mistari minne tu. Skuli wakaipokea, Bi Kijakazi akasomewa, na ilipofika Juni mtoto hakwenda tena skuli. Msimu wa karafuu ulipoingia akafuatana na wachumaji, kwani kupanda alikuwa hodari na kazi za mikono ndizo alizoandikiwa, na asubuhi ya Jumatano tarehe 17 Septemba 2014, huko juu ya mkarafuu, tawi lilikatika. Mnajua wenyewe mkarafuu hauna ishara, tawi lake halilii kabla ya kuvunjika. Bibi yake ndiye aliyemkosha. Waliomuomba awaachie wengine aliwaambia mtoto ni wake.

Shangazi alikuja mazikoni, akalia kama mlivyolia nyinyi, akarudi kazini. Alikuwa hajajua lolote. Alijua mwezi wa Februari 2015, wakati mkufunzi wake wa Dar es Salaam alipokuja kuikagua mashine, akazifungua kumbukumbu za zamani moja baada ya moja, akafika kwenye ile ya Safaa, akaivuta karibu, kisha akauliza kama mtoto huyu alikuwa na mafuta kichwani, kwa sababu huo si mstari wa akili ya mtu, huo ni wa kifungo kinachoteleza, mashine haikumsikia mtoto huyu hata siku moja. Akauliza nani aliyekuwa akivalisha kofia. Shangazi akasema ni yeye. Mkufunzi akamwambia jambo hilo huwatokea wengi, likawaponyoka hata waliobobea, asijitie makosani, na alipoondoka shangazi alikaa kwenye kile kiti cha watoto mpaka magharibi, nikamwita kusali hakuitika.

Kuanzia siku ile shangazi yangu hakuwa peke yake ndani ya chumba kile, na ninyi mtafahamu mnavyotaka kufahamu. Kesho yake alibandika mlangoni tangazo la herufi kubwa, wazazi msiwapake watoto mafuta siku ya zoezi, na hata hivyo hakuliamini, akawa anamchukua kila mtoto mwenyewe mpaka kwenye bomba la mfereji uani na kumkosha kichwa kwa sabuni, akikikausha kwa taulo, akikipitisha vidole, akinusa. Akina mama wakasema mwalimu amepatwa, wapo waliosema chumba kina shetani wa marehemu mumewe, na aliyetaka kumleta mganga alifika hata kutaja kafara. Kumbukumbu za Safaa hakuzifuta. Na alasiri, watoto wakishaondoka, kofia imetundikwa msumarini na kiti kitupu, ile kengele ndogo ilikuwa ikilia. Mkufunzi alisema kwenye simu kuwa ni waya za feni zinazoisumbua mashine, nami nikaamini, tukaizima feni. Ikalia tena siku ambayo umeme ulikuwa umekatika Chake nzima, na mtasema kompyuta ina betri yake, nami nilijiambia hivyo hivyo, huku nikitafuta viatu vyangu.

Siku moja mwezi wa Ramadhani mwaka 2016 niliingia baada ya alasiri kuchukua ufunguo, nikamkuta shangazi ameketi kwenye kiti cha mtoto, mtandio umeshuka mabegani, kavaa kofia ya waya juu ya mvi zake zilizokoshwa, anatazama samaki. Kompyuta ilikuwa giza. Nikamwambia labda kifungo kimeachia, nikavikagua vyote kimoja kimoja, vilikuwa vimeshika barabara, mashine ilikuwa ikimsikia vizuri sana, ila akili yake ndiyo iliyokuwa haikai, ilikuwa inakwenda mkarafuuni na kurudi. Alijaribu siku nyingi baada ya hapo. Katika miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kuwaona samaki wa shangazi wanaogelea.

Na kila Alhamisi, mvua au jua, alikuwa akija hapa Pujini nyumbani kwa Bi Kijakazi, na kifurushi cha sukari au sabuni au dagaa, anakaa mkekani, wanasuka ukili wawili wao, wanazungumza habari za mvua na bei ya nazi, jua likikaribia kuchwa anaaga. Miaka tisa na nusu, Alhamisi moja hadi nyengine. Nikadhani amekwishamwambia. Nilipomuuliza ndipo nikajua hajamwambia neno, akanijibu, "Nikimwambia ni mafuta, Asya, nitakuwa nimemwambia ni mkono wako. Mimi ndiye niliyeandika, basi niachieni mimi." Mwenye kufahamu uzito wa jambo hilo atafahamu, mtu kuomba radhi ni sharti aseme anaombea nini, na akisema, anamtwika bibi wa watu mzigo wa kumpaka mjukuu wake mafuta kwa mapenzi. Kwa hiyo alikuwa akija nalo mdomoni na kurudi nalo mdomoni, naye ni mtu aliyekuwa hawezi kulala na ukili usiokwisha.

Maradhi yake yalianza kwa shinikizo la damu mwaka 2021, na usiku wa kuamkia tarehe 20 Agosti 2024, miezi michache baada ya kustaafu, akapata kiharusi, upande wa kulia ukafa na ulimi ukafungika. Alilazwa hospitali Chake Chake wiki tano, akarejeshwa nyumbani, akalelewa na wanawe kwa zamu na mimi. Maneno yalimrudia machache, alikuwa akisema maji, akisema Shadya, na Alhamisi alikuwa akiutazama mlango. Bi Kijakazi, na uzee ule, ndiye aliyekuwa akija sasa, analetwa kwa bodaboda, anakaa kando ya kitanda na ukili wake, na shangazi akimtazama machozi yakimtoka upande mmoja wa uso. Tukasema ni maradhi.

Jumanne ya tarehe 11 Novemba 2025, baada ya sala ya alasiri, shangazi alivuta pumzi ya mwisho akiwa nyumbani kwake Chake Chake, mkono wake umo mkononi mwa Ummkulthum, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Jumatano alizikwa hapa Pujini, ubavuni mwa mama yake, na kama ilivyo ada baba yangu aliomba pale makaburini kuwa yeyote aliyekosewa na marehemu amsamehe, na watu wakaitikia wamesamehe. Mimi nilikuwa ndani na kina mama, na moyo wangu ukisema, huko si wote walioitikia, mmoja aliyekusudiwa hajui anaombwa nini.

Nilikosea. Yanayotokea kwenye josho la maiti hayasimuliwi, hilo nalijua, Shehe asinitazame hivyo, lakini la kheri lina ruhusa, na Bi Kijakazi mwenyewe jana nilipomuuliza alisema sema, watu wana watoto. Asubuhi ya Jumatano yeye ndiye aliyemkosha shangazi. Mikono inamtetemeka, wanawake wenye nguvu walitaka wampokee, akawaachia mwili wote isipokuwa kichwa. Mimi nilikuwa nikimimina maji. Alikikosha kwa majani ya mkunazi mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, taratibu, akipitisha vidole kila mahali, akasuka nywele mafundo matatu, kisha akaniambia bila ya kunitazama, "Miye mafuta yale nayajua, mwanangu. Lile tangazo la mlangoni nalisomewa mwaka ule ule, nikafahamu."

Bakuli liliniponyoka. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia shangazi, akamtoa kwenye mateso yale. Akaendelea kukausha kichwa, akasema, "Alikuwa anakuja na neno mdomoni. Ningelimtoa lile neno, Alhamisi asingekuja tena, na miye sina mwengine wa kuja." Akapitisha kitambaa nyuma ya masikio. "Nlimdhulumu hapo, na yeye keshanidhulumu, tumelipana. Kichwa chake nishakikosha. Hakina kitu." Ndiyo radhi aliyoipata shangazi yangu, akiwa hawezi kuisikia, na nimeileta hapa muishuhudie.

Kwa niaba ya ukoo wa Mzee Mmanga Nyange nawashukuru madaktari na wauguzi wa Chake Chake waliomuuguza, hasa wale waliokuwa wakimwita mwalimu hata aliposhindwa kujibu. Tunamshukuru jirani yake Bi Bimkubwa, aliyeleta uji kila asubuhi kwa miezi kumi na tano na hakuruhusu bakuli lake lirudi tupu bila ya kutugombeza, tunawashukuru walimu wenzake wa Konde na Chake Chake, waliochimba kaburi, waliopika, waliobeba jeneza, na wazazi wote waliomuamini na vichwa vya watoto wao. Hatuwezi kuwataja nyote, Mwenyezi Mungu atawalipa.

Karatasi imeishia hapo.

Bi Kijakazi, karatasi ilisema kofia ilivalishwa, haikusema na nani. Shangazi alimwambia mkufunzi ni yeye, akakuacha na wewe uamini hivyo, na katika miaka yote hakunitupia hata jicho la lawama, wala hilo la kofia hatukulizungumza. Aliyeivalisha ni mimi. Yeye alikuwa akikaa mbele ya kompyuta, hakupata kukigusa kichwa cha Safaa, mimi ndiye niliyekuwa nikizigawa nywele zake na kutia dawa na kubana vifungo, mara zote ishirini na sita. Siku ya kwanza kabisa vidole vyangu viliteleza. Niliyaona mafuta, niliyanusa, yalikuwa na harufu nzuri ya karafuu, na maagizo ya mashine, ambayo nilikuwa nimeyasoma mimi kwa kuwa Kiingereza changu ndicho kilichokuwa kizuri, yalisema kichwa kiwe kikavu. Nikaona haya kukwambia umrudishe mtoto akakoshwe, mtu mzima uliyetoka Pujini na jua lile, umempamba mjukuu wako. Nikajifuta vidole kwa kanga, nikaendelea. Nikajiambia nitasema siku nyengine, na siku nyengine nikaona haya ya siku ya kwanza, mpaka nikaacha kuviona vidole vyangu. Na Safaa alipouliza kama samaki wake wamelala, alikuwa ananitazama mimi, si mwalimu. Kanga ile ninayo mpaka leo, nimeifua sijui mara ngapi, nikiifungua kabati harufu ya karafuu inanipokea, na hiyo haina feni wala waya wa kusingiziwa.

Bi Kijakazi, sikuombi unijibu hapa mbele za watu, ukaona haya kama nilivyoona mimi. Alhamisi ijayo, Mungu akipenda, nitakuja mimi. Ukinifungulia mlango nitaingia tusuke, ukiufunga nitarudi Alhamisi nyengine, na nyengine, na neno sitakuwa nalo mdomoni kwani nimekwishalitoa, kwa hiyo usije ukanyamaza kwa kuogopa kuwa sitakuja tena.

Na wewe shangazi, uliyenifichia miaka kumi na mmoja, lala sasa. Kichwa chako amekikosha aliyekuwa na haki ya kukikosha. Pumzika kwa amani.